Rinda la Kukamulia na Diski ya Pili

Ukifika Kabazi ukaulizia kwa Micah Kipngetich, utaulizwa kwanza: yule wa hospitali, yule wa mbili-mbili? Usikasirike. Sema ndiye huyo, na utaonyeshwa lango la bluu lenye kufuli mbili, chini kidogo ya kituo cha kupokea maziwa.

Jina hilo hakulipata bure. Micah ni mtu wa akiba. Ana mwavuli wa kutumia na mwavuli wa kungoja ule wa kwanza upotee. Ana tochi mbili, saa mbili, na Biblia mbili, moja ya kusoma na nyingine imefungwa kwa nailoni kabatini isije ikalowa. Siku ya harusi yake alikwenda kanisani na pete nne: mbili mfukoni mwa msimamizi wake, mbili ndani ya soksi yake mwenyewe. Mkewe, Jepchumba, amesimulia habari za soksi hiyo kila Krismasi kwa miaka thelathini na mmoja, na sijasikia bado kwamba kuna aliyechoka kucheka.

Mimi nampenda Micah, kwa hiyo nitaitaja na kasoro yake. Akiba zake hazitengani. Funguo za nyumba ni mbili, naam, lakini zote hukaa kwenye msumari mmoja nyuma ya mlango. Siku moja upepo uliufunga mlango huo wakiwa shambani, mke na mume, na wakaziona funguo zote mbili kupitia dirishani zikining'inia bila wasiwasi. Micah aliingia kwa kung'oa bati, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Jepchumba alimshikia ngazi na kumuuliza mara moja tu, kwa upole, ufunguo wa pili ulikuwa wa nini.

Maisha ya kazi aliyaanza juu ya nguzo. Alikuwa fundi wa simu za waya, akizunguka kati ya Nakuru na Gilgil na mkanda wa ngozi kiunoni. Simu za mkononi zilipoingia, nguzo zikawa kuni na Micah akabaki mikono mitupu. Akanunua vitabu vya kompyuta vya mtumba, akavisoma huku akichunga ng'ombe, na siku hospitali ya misheni ya Tumaini Bondeni ilipomwita aje aondoe nyaya zake kuukuu, aliziondoa, akabaki yeye. Alibaki miaka kumi na saba.

Kazi anayojivunia kupita zote humo ni seva, mashine inayotunza rekodi za wagonjwa. Aliijenga mwenyewe miaka kumi na mmoja iliyopita kwa mfumo wa Linux, ambao haukumdai mtu leseni, na kwa kuwa mmeshamjua, aliitia diski mbili. Alizinunua siku moja kwa Shabir, mwenye duka la vifaa Nakuru mjini. Kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa papo hapo kwenye ya pili: majina ya wagonjwa, dawa zao, hata mfumo wenyewe. Wageni wa hospitali walipopitishwa pale, Micah aliinua vidole viwili na kuwaambia, "Moja ikifa, nyingine iko."

Ni kwa maneno hayo Sister Cheruto alikubali kuachana na mafaili yake ya karatasi. Cheruto ndiye muuguzi wa kliniki ya watoto wenye kifafa, ambayo huwa kila Ijumaa. Ana watoto mia moja na arobaini wanaokuja kwa zamu, na kila mmoja ana dawa yake na kipimo chake. Huyu nusu kidonge asubuhi na kimoja jioni, yule robo tatu, mwingine alipunguziwa juzi kwa sababu alikuwa akilala darasani. Kufikia vipimo hivyo kulimchukua miaka, na wakati mwingine machozi. Siku alipoyatoa mafaili yakachomwe alimshika Micah mkono asimwachie.

"Micah, hawa ni watoto wangu. Una uhakika?"

"Sister, ziko mbili."

Sasa niwape habari ya rinda, kwa maana bila rinda hamtaielewa Alhamisi ninayotaka kuwaeleza.

Jepchumba ana ng'ombe anayeitwa Zawadi, na Zawadi anamtambua mtu mmoja tu duniani. Kila alfajiri Jepchumba huvaa rinda lake la kijani linalonuka moshi na maziwa, hujifunga kitambaa kichwani, huketi kwenye kigoda, humwimbia, na Zawadi hushusha maziwa. Mwaka juzi binti yao, Chepkurui, alijifungua huko Eldama Ravine na Jepchumba akaenda kukaa naye juma zima. Micah akaingia zizini na ndoo mbili. Zawadi alimnusa, akageuza uso, akafunga maziwa. Kiwele kilijaa mpaka kikang'aa, tone halitoki. Kufikia jioni mnyama alikuwa akilia, na Micah akampigia mkewe simu.

"Vaa rinda langu," Jepchumba akasema.

"Mama Chepkurui, mimi ni mzee wa kanisa."

"Basi mzee wa kanisa na alale na ng'ombe mgonjwa."

Akavaa. Lilimbana mabegani na likakomea magotini. Akajifunga kitambaa, akaguna kitu kilichotaka kufanana na wimbo, na Zawadi, ambaye si mjinga ila ana adabu, akakubali kudanganywa. Mwenye pikipiki ya kukusanya maziwa alimkuta vivyo hivyo asubuhi iliyofuata. Kabazi nzima ilikuwa na habari kabla ya chai ya saa nne.

Jepchumba aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha, akivisugua vifundo vya vidole vyake kama alivyozoea kufanya majira ya baridi, akamwambia afadhali amzoeshe huyo ng'ombe sura yake mwenyewe. "Siku moja mimi nitashindwa," alisema. Micah akaahidi kwamba akistaafu atafanya hivyo. Kisha akarudi hospitalini.

Kustaafu kwenyewe kulipangwa Ijumaa ya mwisho ya Julai. Hospitali ilikuwa imemaliza kujenga chumba kipya cha rekodi, na msimamizi wake, Gedion, bwana nadhifu aliyekuja mwaka uliopita kutoka Nairobi, aliona mambo yote yafanyike siku moja. Asubuhi mchungaji angekiweka wakfu chumba, kisha kliniki ya Cheruto ingefunguliwa humo, na mchana Micah angeagwa kwa keki. Kwa hiyo Alhamisi seva ilipaswa kuhama.

Ilikuwa haijazimwa miaka miwili na miezi minne. Micah aliiwekea betri za lori chini ya meza, umeme ukapotea na kurudi bila mashine kujua, na hilo pia alikuwa akijivunia. Saa tatu asubuhi aliizima kwa mkono wake. Akaibeba kifuani, hatua sitini kuvuka uwanja, na Jebet akamtangulia kufungua milango. Jebet ni karani wa rekodi, mjane wa miaka arobaini na mitano mwenye miwani ya kamba. Amekaa chumba kimoja na Micah miaka tisa na hakuwahi kuigusa kibodi ya seva. Hakuna aliyemkataza. Ni vile tu kila mashine ilipokohoa, Micah alikuwa ameshafika.

Akaiweka mezani, akachomeka kila waya, akabonyeza. Feni zikavuma. Skrini ikawa nyeusi, na katikati yake ukatokea mstari mmoja mweupe wa Kiingereza kueleza kwamba hakuna diski ya kuamshia mashine.

"Ni kebo tu," Micah akasema.

Haikuwa kebo. Alizichomoa zote akazirudisha, akabadilisha zile za diski, akapuliza vumbi. Akafungua ubavu wa mashine, akaitoa diski ya kwanza, aliyokuwa ameiandika namba moja kwa kalamu ya wino mzito, akaiunga na umeme na kuiweka sikioni. Ilikuwa ikipiga tiki, tiki, kisha kimya, kisha tiki. Ilikuwa imezunguka bila kupumzika miaka miwili na zaidi, na mara tu ilipopumzishwa ikakataa kuinuka tena. Kuna watu wa namna hiyo.

"Moja imekufa," akatangaza, na bado alikuwa na uso mkavu. "Si kitu. Ya pili iko."

Akaiweka pembeni ile iliyokufa. Akaiamuru mashine iamkie kwenye diski ya pili. Akabonyeza. Mstari ule ule mweupe.

Akabonyeza tena. Mstari ule ule.

Sister Cheruto alikuwa ameingia kuangalia pa kuweka mizani yake ya watoto, na Gedion amemfuata nyuma. Wakasimama. Micah hakugeuka. Kijasho chembamba kilikuwa kinamteremka mgongoni, Julai ile, Kabazi ile ambako watu walikuwa wamevaa makoti.

"Mzee, kwa hivyo zote mbili zimeenda?" Gedion akauliza. Hakuwa mtu mbaya Gedion, aliuliza kwa upole kabisa, na upole huo ukauma zaidi. "Basi usijisumbue. Jumatatu tunaanza upya na ule mfumo wa kulipia kwa mtandao. Kesho Sister atawauliza tu akina mama mtoto anakunywa dawa gani."

"Nitawauliza?" Cheruto akamgeukia. "Boss, kuna mtoto analetwa na nyanyake kutoka huko chini. Nikimuuliza anakunywa gani ataniambia ile nyeupe. Nyeupe ziko tatu. Nikimpa yenye siyo, ataanguka njiani kabla afike kwao."

Cheruto akamwangalia Micah mgongoni.

"Micah. Uliniambia ziko mbili."

Micah angependa kutukanwa kuliko kuambiwa hivyo. Alifungua kabati kutafuta ile diski ya nje ya kuhifadhia nakala, akakumbuka mkono ukiwa ndani: mwezi wa Machi aliwaazima kwaya wairekodie sherehe ya miaka ishirini na tano ya kanisa. Ilikuwa imejaa kwaya. Hakuna hospitali nyingine ambayo nakala yake ya akiba inaimba sauti nne, na wakati huo hakuna aliyecheka.

Akampigia Shabir wa Nakuru.

"Mzee wangu," Shabir akasema, "diski mpya naiweka kwa gari sasa hivi, saa tisa uko nayo. Lakini sikiza. Hizo mbili zilitoka boksi moja, siku moja. Moja ikienda, ingine iko njiani. Usiichezee."

Micah akaketi. Akaitazama ile diski ya pili kwenye ubavu ulio wazi wa mashine. Akaweka kidole juu yake. Ilikuwa inazunguka. Haikupiga tiki, haikunung'unika, ilikuwa na joto la kawaida la kitu kizima. Basi mbona haitoi? Na hapo, bila kumtafuta, akamkumbuka Zawadi siku ile amesimama zizini kiwele kimejaa, na yeye na ndoo zake mbili.

"Hii haijakufa," akasema polepole. "Imejaa. Ni vile tu haijui kushusha."

Gedion akamtupia Cheruto jicho la mtu anayeuliza kama ni wakati wa kumwita mke wa mzee.

Lakini Micah alikuwa ameshalijua kosa, na lilikuwa lake. Mwanzoni kabisa mwa diski, mahali ambapo ule unakili wa moja kwenda nyingine haufiki, hukaa programu ndogo iitwayo GRUB. Kazi yake ni moja: umeme ukiingia, iuamshe mfumo. Siku ya kuijenga seva aliiweka GRUB kwenye diski ya kwanza. Ya pili hakuiwekea. Alisahau, ama alidhani itanakiliwa na mengine yote, mpaka leo hasemi. Na kwa miaka kumi na mmoja, kila mashine ilipoamka, iliamshwa na diski ya kwanza, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba ya pili, yenye kila kitu, haijawahi kufundishwa kuamka peke yake.

Dawa yake ilikuwa kuiamsha mashine kwa flashi yenye Linux nyingine, kuingia ndani ya diski ya pili kwa mlango huo wa pembeni, na kuiwekea GRUB yake. Micah alikuwa na flashi mbili za namna hiyo kwenye mkoba. Ya kwanza ikakataa. Ya pili ikakubali, naye akamtazama Gedion jinsi anavyotazama mtu aliyevumilia kuchekwa maisha yake yote.

Mashine ikaamka kwa flashi. Akaiuliza hali ya diski zake, nayo ikamjibu kwa mabano, ndani yake kistari na herufi U. Kistari ni aliyekufa. U ni aliye hai.

"Iko," akasema. "Sister, watoto wako wako hapa."

"Basi si unakili haraka?" Gedion akauliza.

"Ninakili wapi? Diski ya nje iko na kwaya, na hiyo laptopu yako haina nafasi hata ya robo. Tena hata ukinakili, kesho asubuhi huwezi kusoma chochote mpaka mfumo wenyewe uamke."

Akaandika amri. Vidole vyake vilizifahamu herufi hizo kama unavyofahamu njia ya kwenda chooni gizani. Akaiambia GRUB ijiweke kwenye diski ya kwanza kwenye orodha, kama alivyoandika mara zote. Mashine ikafikiri, ikajibu kwamba imemaliza, hakuna kosa. Akachomoa flashi, akabonyeza.

Mstari mweupe.

Akarudia yote tangu mwanzo. Hakuna kosa. Akachomoa, akabonyeza, mstari mweupe. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa sita. Gedion akatoka kimyakimya kwenda kupiga simu, na Micah akajua anampigia nani: wale wa mfumo wa kulipia. Cheruto alikuwa ameketi juu ya boksi la mizani, mikono mapajani. Micah alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nawaambia ukweli, mtu huyo alikuwa karibu kulia, na si kwa ajili ya keki.

"Mzee," Jebet akasema kutoka mlangoni. "Naweza uliza kitu ya ujinga?"

"Uliza."

"Umesoma namba?"

Hapa lazima mjue desturi ya chumba cha rekodi. Jebet hampi mtu faili, hata daktari mkuu, kabla ya kusoma kwa sauti namba na jina, na anayepokea naye asome. Viwili vikikubaliana, faili inatoka. Visipokubaliana, haitoki hata ukipiga magoti. Amewahi kumrudisha mchungaji mwenyewe.

"Namba gani?" Micah akauliza.

"Ya hiyo diski unaandikia. Wewe unasema ni ya kwanza. Lakini ya kwanza si ndiyo hiyo imekufa, iko hapo mezani?"

Micah akaitazama ile ya mezani. Akaiamsha tena mashine kwa flashi, akaiagiza itaje diski zake zote kwa ukubwa na namba za kiwandani. Jebet akasogea, akavaa miwani yake ya kamba, akasoma kwa sauti ile ile anayoita nayo wagonjwa.

"Ya kwanza. Gigabaiti kumi na tano." Akairekebisha miwani. "Mzee, si ulisema za Shabir ni terabaiti moja kila moja?"

Ilikuwa flashi. Diski iliyokufa ilipoondoka, flashi ilikuwa imeamka mapema na kukalia jina lake, na Micah, kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja, alikuwa ameiwekea GRUB mara mbili, vizuri kabisa, kisha akaichomoa na kuitia mfukoni. Ni kama mtu aliyechonga ufunguo mpya kisha akautundika kwenye msumari ule ule nyuma ya mlango.

Cheruto ndiye aliyeanza kucheka. Halafu Jebet. Micah akachelewa kidogo.

Alipomaliza kucheka aliinuka kwenye kiti. Sijui kama mnaelewa ukubwa wa jambo hilo. Aliinuka, akakivuta kiti nyuma, akamwambia Jebet, "Kaa."

"Mimi?"

"Wewe ndiye umesoma. Kaa."

Jebet akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekaribishwa kwa watu wakubwa. Micah akapiga goti sakafuni, akaingiza kichwa kwenye ubavu wa mashine, na kwa tochi, ya pili, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imekwisha betri, akaisoma namba ya kiwandani iliyobandikwa kwenye diski iliyobaki. Jebet akaisoma ile ya kwenye skrini. Herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Zikakubaliana.

"Toa faili," Micah akasema kutoka chini.

Jebet akaandika amri aliyosomewa, kidole kimoja kimoja. Akabonyeza. Wakasubiri. Hakuna kosa. Flashi ikachomolewa, na safari hii Jebet ndiye aliyeiwasha.

Skrini ikawa nyeusi kwa muda ambao Micah alizeeka mwaka. Kisha maandishi yakaanza kushuka, mstari kwa mstari, yakitangaza kila kitu kinachoamka, mashine ikalia mlio wake mmoja mfupi, na ukurasa wa kliniki ukafunguka. Cheruto akamsukuma Jebet kidogo, akaandika jina la yule mtoto anayeletwa na nyanyake. Likatokea, na kipimo chake, na tarehe ya mwisho. Akakiweka kiganja kwenye skrini, akalia waziwazi, bila haya. Gedion akarudi na simu sikioni, akawaona, akamwambia mtu wa upande wa pili kwamba atampigia baadaye.

Diski ya Shabir ilifika saa tisa na nusu. Jebet ndiye aliyeisoma namba, ndiye aliyeiunga, na mara tu ya zamani ilipomaliza kuinakilia ile mpya, aliiwekea na hiyo mpya GRUB yake. Micah alisimama nyuma, mikono mfukoni ili isije ikajisahau. Ijumaa mchungaji aliomba kwa kirefu, watoto thelathini na wanane walipata dawa zao, na keki ililiwa. Zawadi ya kumuaga Micah ilikuwa mwavuli, na Gedion akampa kifurushi kingine, ndani yake mwavuli wa pili. Watu walipiga meza kwa kicheko. Lakini kabla hajaondoka, aliomba jambo moja: mashine izimwe, diski moja ichomolewe, mashine iwashwe, kisha diski irudishwe, zisubiriwe zikubaliane tena, ichomolewe ile nyingine, mashine iwashwe tena. Yeye alikaa nje kwenye benchi mlango ukiwa umefungwa. Iliamka mara zote mbili. Aliusikia ule mlio kupitia ukutani.

Majuma matatu alikaa nyumbani na simu kifuani. Haikulia. Aliipeleka juu ya kilima kuona kama mtandao umepotea. Jumatano moja, kwenye kituo cha maziwa, akakutana na Sister Cheruto, naye akamsimulia kwa furaha jinsi radi ilivyopiga Jumapili, betri zikachoka, seva ikalala, na Jebet akaiamsha kabla ya ibada kuisha.

Alirudi nyumbani amekunja uso. Jepchumba alikuwa ameketi nje juani, mikono ndani ya sufuria ya maji ya moto.

"Hakunipigia hata simu," Micah akasema.

"Nani?"

"Jebet. Mashine imelala, ameiamsha, hakunipigia."

Jepchumba alijaribu kutocheka, akashindwa. Micah naye, baada ya kushindana na uso wake kidogo, akashindwa. Alikuwa na furaha, akaona ajabu kwamba furaha inaweza kuuma hivyo. Ndipo akaiona sufuria.

"Hayo maji ni ya nini, saa hii?"

Jepchumba akatoa mikono. Vifundo vilikuwa vimevimba na vyekundu, na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hakikukunjuka.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa unasema ukistaafu."

Micah akavuta kigoda. Aliketi karibu naye, akaichukua mikono ile ikiwa na maji bado, akaikalisha kwenye mapaja yake.

Alfajiri aliunyoosha mkono kulichukua rinda la kijani kwenye msumari. Jepchumba akamzuia.

"Hapana. Leo nenda na koti lako."

Zawadi akamnusa yule mtu mwenye koti, akageuza uso, akafunga. Micah akasubiri. Jepchumba alikuwa nje ya zizi, amejifunga leso mabegani, mikono ameificha.

"Mwimbie," akasema.

"Siujui wote."

"Umeusikia miaka thelathini na mmoja."

Micah akakohoa, akaanza. Mstari wa kwanza aliupata. Wa pili akaukosea. Jepchumba akausahihisha kutoka upande wa pili wa fito, na wakaanza tena pamoja tangu mwanzo.